Nashon Oluoch Miyare na Mlio Mmoja wa Chupa

Nyote mliotoka Rongo, Kegonga, Ntimaru na kila pembe ya Homa Bay kumsindikiza Nashon Oluoch Miyare, karibuni nyumbani kwake Kamolo. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na kifungua mimba wake, Beverly Achieng. Marehemu mwenyewe aliagiza kwamba siku yake ikifika, asisomewe maneno marefu kuliko upande mmoja wa santuri. Familia imejitahidi, ila mliomfahamu mnakumbuka kwamba alikuwa na santuri za kila urefu.

Nashon alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Aprili 1960, hapa hapa Kamolo, Ndhiwa, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Dishon Miyare na marehemu Mama Perez Adoyo. Hiyo Jumamosi aliitaja kila alipopata nafasi, kwa sababu ndiyo siku ambayo baadaye aliipa muziki, na aliona kama ilipangwa. Mzee Dishon alikuwa na redio ya betri, ya kwanza kijijini, iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa kama vile ni mgeni aliyelala. Watoto hawakuruhusiwa kuigusa. Nashon peke yake alipewa kazi ya kuanika betri juani zikiisha nguvu, na aliifanya kwa bidii hivi kwamba mama yake alilalamika kuwa mahindi yanaliwa na kuku huku mlinzi analinda betri.

Alisoma Shule ya Msingi ya Kamolo kuanzia mwaka wa 1967 hadi 1973, kisha akaendelea na sekondari Homa Bay mjini, akamaliza Kidato cha Nne mwishoni mwa 1977. Alikuwa hodari wa biolojia, mbovu wa hesabu, na mwimbaji wa wastani ambaye mwalimu wa kwaya alimweka safu ya nyuma kwa upendo. Mnamo 1979 alijiunga na chuo cha mifugo Kabete na akahitimu cheti mwaka wa 1981.

Kati ya sekondari na Kabete kulikuwa na wiki moja ambayo haikuingia kwenye cheti chochote, na hatuwezi kuiruka. Mwezi wa Desemba 1977, bendi ndogo ya Lambwe Vijana Jazz ilikwenda Kisumu kurekodi wimbo wake wa kwanza, "Gari ya Magunga". Mpigaji wao wa chupa aliugua malaria asubuhi ya safari. Wasiojua muziki wa zamani waambiwe kwamba chupa ya soda, ikigongwa kwa msumari, ndiyo iliyokuwa ikishika mwendo pale ambapo bendi haikuwa na ngoma za maana. Nashon alikuwa akiwabebea spika. Akapewa chupa, akapewa msumari, akaambiwa afuate gitaa na asijifanye mjuaji.

Kwa maelezo yake, alifuata gitaa vizuri kutoka mwanzo. Shida ilikuwa mwisho. Gitaa lilinyamaza, waimbaji wakanyamaza, na Nashon, ambaye alikuwa amefumba macho kwa utamu, akagonga mara moja zaidi. Ting! Peke yake, chumba kizima kikimtazama. Mwenye studio akakataa kurudia ili kubana matumizi ya utepe, akasema hakuna mtu anayesikiliza wimbo mpaka pale. Santuri zilitoka chache tu, jina la mwimbaji pekee likiwa limeandikwa, bendi ikavunjika, na kijana wa chupa akaenda Kabete kujifunza magonjwa ya ng'ombe.

Aliajiriwa na serikali kama afisa msaidizi wa mifugo, akaanzia Kegonga mwaka wa 1981, akahamishiwa Rongo 1992, kisha Homa Bay Septemba 2003, hadi alipostaafu 2020, ingawa nyumba ya familia ilibaki Rongo. Aliwajua ng'ombe wa Kuria kwa majina na aliwajua wenyewe kwa magonjwa ya ng'ombe wao. Akishachanja, akishanawa mikono hadi kwenye viwiko, aliuliza swali lile lile katika kila boma: "Hapa hakuna santuri za zamani?" Hivyo ndivyo alivyokusanya santuri zaidi ya mia nne bila kuacha ng'ombe mmoja bila matibabu. Lakini "Gari ya Magunga" hakuipata.

Mara moja aliikaribia, na kisa hiki alikisimulia akijicheka. Mwezi wa Agosti 2003 alitumwa Ntimaru kwa chanjo, akaitwa mbio kwa Mama Robi, ambaye ng'ombe wake alikuwa anazaa na ndama amekuja kinyume, miguu ya nyuma mbele. Marehemu mume wa Mama Robi alikuwa hai wakati huo. Alimwonyesha Nashon sanduku la bati pembeni ya ghala na kumwambia, "Daktari, ndani iko santuri nyingi, nilikuwa nanunua Rongo. Ukimaliza, angalia." Nashon aliingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani. Kazi ilichukua saa tatu. Ndama alitoka hai, mvua ikashuka kutoka upande wa Tanzania, na Daktari akatazama mikono yake, akatazama sanduku, akakataa. Santuri haishikwi na mikono kama hiyo, alisema, angerudi Jumatatu. Jumatatu alikuta barua ya uhamisho wa Homa Bay. Aliporudi baadaye, mzee alikuwa amefariki na Mama Robi amehamia kwa binti yake ng'ambo ya mpaka, nyumba imefungwa kwa kufuli. Ndama yule, kwa taarifa yenu, alikua akazaa mara sita.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa takatifu na Rispa Awino wa Karungu, katika kanisa la Kianglikana. Bibi harusi alikuta nyumbani kwa mumewe gramafoni, spika mbili na hakuna kitanda. Alipouliza, aliambiwa kitanda kitakuja, ila spika za aina ile hazipatikani kila siku. Mama Rispa hakuwahi kuupenda muziki wa benga, yeye ni mtu wa kwaya, na kwa miaka thelathini na minane alipita mbele ya gramafoni ile akiwa na ndoo au ufagio huku akisema, "Baba Beverly, hao watu wako hawachoki?" Naye alijibu kila mara, "Bado kidogo, Min Beverly, imebaki wimbo mmoja." Mungu aliwajalia watoto watatu: Beverly, Austine na Job.

Mwaka wa 1994, Rongo, Nashon na rafiki zake wawili walianzisha kilabu cha Jumamosi mchana. Wa kwanza alikuwa Suleman Hamud, mzaliwa wa Isiolo, mwenye duka la redio na vipuri, ambaye wote walimwita Jaduka. Wa pili alikuwa Mwalimu Mogaka, aliyehifadhi kichwani maandishi ya nyuma ya kila jalada, hata jina la aliyepiga picha. Ukimwuliza nani alipiga gitaa la pili katika albamu ya tatu ya Asego Rhythm, Mogaka alijibu na kukuongezea mpigaji huyo alioa wapi. Nashon aliishabikia Asego Rhythm. Mogaka aliapa kwamba duniani hakuna albamu iliyowahi kuizidi ile ya pili ya Nyanturago Boys. Jaduka aliwaonea huruma wote wawili na kuwaambia wasikilize orkestra za Kongo wapone.

Kilabu kilikuwa na sheria moja, iliyotungwa na Nashon: sindano iende mpaka mwisho. Hakuna kusema neno kabla haijafika kwenye karatasi ya katikati na kuinuliwa. Atakayesema, anaosha vikombe vya chai vya wote. Maprofesa wameosha vikombe katika nyumba ile. Mchungaji aliyetoa sala hapa leo naye aliviosha mara mbili. Wageni walidhani sheria hiyo ni ya heshima tu. Ukweli ni kwamba Nashon alikuwa mtu anayejua kuna kitu kinaweza kutokea baada ya gitaa kunyamaza, na hakutaka mtu yeyote akikose.

Hapo ndipo palipoanza ugomvi mtamu wa maisha yake. Katika kikao cha kwanza kabisa alisimulia habari ya chupa. Jaduka akacheka, akatoka, akarudi na kanda ya "Gari ya Magunga" aliyokuwa akiuza dukani. Wakaicheza. Wimbo ukaisha safi, gitaa, kimya, basi. Hakuna ting.

"Omera, ndugu yangu Nashon, chupa yako iko wapi?" aliuliza Mogaka.

"Hiyo kanda iko na shida," Nashon alisema.

"Kanda haina shida," alisema Jaduka. "Kanda haijui kudanganya. Chupa nasikia, lakini hata mimi naweza kusema ni mkono wangu."

Tangu siku hiyo walimwita Msanii wa Chupa. Lilikuwa jina la mzaha na alilipokea kwa mzaha. Kadi za Krismasi zilikuja zikiwa na jina hilo, na siku ya kustaafu kwake kilabu kilimletea kreti nzima ya chupa tupu zilizofungwa utepe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kuna mara moja hakucheka, na msomaji wa wasifu huu hana budi kuisema. Mwaka wa 1998 Beverly alikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Aliwaambia wenzake kwamba baba yake yuko ndani ya santuri, nao wakamcheka mpaka kengele ikalia. Akarudi nyumbani, akamkuta baba yake anasafisha sindano kwa brashi, akamwuliza, "Baba, ni kweli, ama Jaduka ndiye anasema ukweli?" Nashon alimtazama. Akaweka brashi chini, akasema anakwenda kumwangalia mtamba, na hakukuwa na mtamba mgonjwa siku hiyo. Beverly hakuuliza tena. Alikua akiamini kwamba baba yake alikuwa mtu mwema aliyependa kukuza mambo kidogo, kama wababa wengi.

Nashon hakuwa mtu wa kulilia ya kale. Simu za kisasa zilipokuja aliunda kundi la WhatsApp, akaliita Sindano Mpaka Mwisho, likafikisha watu mia mbili na kumi na wawili. Vijana wa chuo kikuu cha Rongo walijiunga na kumwagia albamu mpya kila Ijumaa. Alizisikiliza zote, wimbo baada ya wimbo, akiwa na daftari, kisha akatuma maoni kwa sauti. Kuhusu albamu ya kijana mmoja wa Kendu Bay alisema, "Sauti iko, maneno yako, lakini hii ngoma imetengenezwa na mtu anawahi gari." Kijana akaitengeneza upya. Akina Austine walipozoea kuruka wimbo baada ya sekunde chache, aliwauliza kwa upole, "Kwani mkialikwa chakula mnalamba kila sahani na kuondoka?"

Mwezi wa Agosti 2024 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Alitibiwa Kisii na Homa Bay, na daktari akamweleza kwamba moyo umepanuka. Alirudi nyumbani Rongo na kulitangazia kundi: "Daktari anasema moyo umekuwa mkubwa. Leteni albamu, nafasi iko." Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, hasa yule muuguzi aliyefundishwa tofauti ya gitaa la solo na la ridhimu akiwa anatafuta mshipa.

Januari mwaka huu wa 2025 alidhoofika. Siku moja Jaduka alipokuja kumjulia hali, Nashon alimwambia, "Jaduka, Ntimaru kuna sanduku moja sijawahi kufungua." Jaduka alikwenda nyumbani na, kwa maneno ya mkewe Asiya, hakula siku mbili. Kisha akaanza kupiga simu. Akaambiwa kwamba Mama Robi alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na kufungua nyumba yake.

Jumamosi tarehe 8 Februari, saa tisa mchana, kilabu kilikuwa kimekaa sebuleni Rongo, Nashon akiwa kwenye kiti chake chenye mito mitatu. Jaduka aliingia na kitu kimefungwa kwenye leso ya Asiya. Hakusalimu. Alifungua leso, ikatoka santuri ndogo, "Gari ya Magunga", katika bahasha ya karatasi iliyoliwa pembe na panya.

"Mama Robi anakusalimia," alisema. "Amesema mtamba wa uzao wa yule ndama wako ana mimba."

"Umeicheza?" Nashon aliuliza.

"Ntimaru nitapata wapi gramafoni? Sijaicheza. Lakini angalia hapa." Akamwonyesha mgongo wa bahasha. Kulikuwa na muhuri wa duka, wino wa buluu, umefifia: Hamud Redio, Rongo. "Nashon, hii ilikuwa yangu. Kanda zangu zote nilizirekodi kutoka hii santuri, halafu nikamuuzia mzee wa Ntimaru. Nimesoma muhuri pale ghalani, nikaja moja kwa moja."

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Mogaka akataka kuuliza, lakini Nashon alikuwa ameinua kidole, na sindano ikashushwa.

Wimbo ulicheza dakika tatu na kitu, na mikwaruzo yake yote. Mama Rispa alisimama mlangoni na ndoo. Beverly alikuwa amekuja kutoka Homa Bay anakofundisha, ameketi miguuni pa baba yake akimkanda. Gitaa likapanda, likashuka, likanyamaza. Waimbaji wakanyamaza. Ikabaki ile sauti ya sindano ikitembea mahali pasipo na kitu. Sekunde moja. Mbili.

Ting!

Ndogo, kavu, imechelewa, haina aibu.

Jaduka alijishika kichwa. "Nilikata mimi! Wallahi, ni mimi! Nilikuwa nazima mashine gitaa likiisha tu, nibane utepe. Miaka yote hii nimekuletea kanda kama shahidi, kumbe ni mimi nilikata. Nisamehe, ndugu yangu."

Nashon hakumtazama Jaduka. Alimtazama binti yake, kama alivyomtazama mwaka ule wa 1998, na safari hii hakwenda kumwangalia mtamba. Beverly akamwambia, "Nimesikia, Baba." Beverly akalia, baba yake akacheka, na waliokuwepo walifanya yote mawili bila mpango.

Halafu Nashon akanyosha shingo kuelekea gramafoni, ambako santuri ilikuwa bado inazunguka, sindano haijafika kwenye karatasi, akamwambia rafiki yake kwa sauti ya kujali kabisa, "Jaduka, umesema kabla ya mwisho. Vikombe viko jikoni."

Suleman Hamud aliosha vikombe kumi na moja huku akijifuta macho kwa mkono wa shati, na wimbo ukachezwa mara saba mchana huo. Nashon alilala jioni hiyo bila kuomba mto wa nne.

Aliishi siku ishirini na nne zaidi, na zilikuwa siku njema. Kundi zima lilitumiwa ule mlio, peke yake, na kuna kijana ameufanya mlio wa simu yake. Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nane mchana, aliomba awekewe albamu ya tatu ya Asego Rhythm, upande wa pili. Mama Rispa aliiweka mwenyewe, akakaa kando yake akichambua mboga. Katikati ya wimbo wa mwisho alisikia pumzi ya mumewe imetulia, akashika mkono wake, akajua. Hakuinuka. Hakuita mtu. Mwanamke huyu ambaye hakuwahi kuupenda muziki wa benga aliacha sindano iende mpaka mwisho, akaiinua polepole, ndipo akatoka nje kuwaita watoto.

Nashon ameacha mjane wake Rispa Awino, watoto Beverly Achieng, Austine na Job, wakamwana wawili na mkwe mmoja, wajukuu watano, wa mwisho akiwa amekwisha kupewa chupa na msumari na babu yake, jambo ambalo mama yake bado analijadili, dada yake Dorina, Suleman na Asiya, Mwalimu Mogaka, Mama Robi wa Ntimaru, ambaye yuko nasi hapa, na watu mia mbili na kumi na wawili wa Sindano Mpaka Mwisho.

Sasa kuna ombi. Baada ya sala, kabla mchanga haujarudishwa, Jaduka atacheza "Gari ya Magunga" pale karibu na kaburi. Gitaa likinyamaza, tafadhalini msipige makofi, msiinuke, wala wenye majembe msisogee. Ngojeni kidogo. Mkisha kuisikia chupa, semeni Amina.

Lala kwa utulivu, Msanii wa Chupa, wuod Ndhiwa, mwana wa Ndhiwa. Tumesikiliza mpaka mwisho, na tumekusikia.